Safari za Kulipima Jua

Katika vitabu vya fizikia wanavyosomeshwa watoto wetu, pembezoni mwa picha ya jua na sayari zake, huandikwa tarakimu moja ambayo mwanafunzi huihifadhi kwa ajili ya mtihani kisha asiirudie tena: ya kwamba baina ya ardhi na jua pana masafa ya kilomita milioni 150. Wala hastahili lawama kwa kuipita upesi, maana kitabu hakimwambii jinsi ilivyopatikana, nayo imeandikwa kwa utulivu kama kwamba ilikuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ikingoja kuchapishwa. Lakini tarakimu hiyo ilitafutwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Walioitafuta walivuka bahari na majangwa ya theluji, baadhi yao walipigwa mizinga, wengine walikufa kwa homa katika nchi za watu, na mmoja aliporudi kwao alikuta amekwisha hesabiwa miongoni mwa marehemu. Sehemu kubwa ya taabu hiyo ilitendeka katika Bahari ya Hindi, chini ya pepo zizo hizo za kaskazi na kusi zilizowaleta wageni wetu na kuwarudisha makwao. Kwa hiyo ni haki historia yake isimuliwe kwa Kiswahili, na isimuliwe kwa wasaa.

Mtu wa kwanza anayejulikana kulipima jua kwa hoja wala si kwa ndoto alikuwa Aristarchus, mzaliwa wa kisiwa cha Samos, aliyeishi karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Alifikiri hivi: mwezi unapokuwa nusu kamili, mstari utokao mwezini kwenda kwenye jua na mstari utokao mwezini kuja kwetu hufanya pembe mraba, basi mtu aliye ardhini akiipima pembe iliyopo baina ya jua na mwezi saa ile ile, amekwisha kuwa na pembetatu, na mwenye pembetatu aweza kuujua uwiano wa pande zake bila ya kuinua mguu. Hoja hiyo haina ila. Pembe aliyoichukua ilikuwa nyuzi 87, na kwa hesabu hiyo akasema kwamba jua liko mbali kuliko mwezi kwa mara 18 hadi 20. Kumbe pembe ya kweli iko chini ya nyuzi 90 kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya sita ya uzi mmoja, na jua liko mbali kuliko mwezi kwa karibu mara 390. Akili ilikuwa sahihi, jicho ndilo lililoshindwa. Na katika historia hii yote tutaona kuwa jicho, na ala iliyowekwa mbele ya jicho, ndizo zilizobaki nyuma ya akili.

Baada yake Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya pili ya miladi, aliandika kwamba masafa ya jua ni nusu kipenyo cha ardhi mara 1,210, na kipimo hicho, pamoja na vingine vilivyokikaribia, kikakaa katika vitabu vya wanafalaki wa Kiyunani, wa Kiarabu na wa Kizungu kwa muda wa miaka 1,400. Kweli yenyewe ni karibu mara 23,500. Hata hivyo si haki kudhani kwamba karne zile zilipita bure. Anayetaka kupima jua kwa nusu kipenyo cha ardhi lazima kwanza aijue fimbo yake ya kupimia, na fimbo hiyo ilisahihishwa na watu wengi, akiwamo al-Biruni, ambaye katika karne ya 11, penye ngome ya Nandana katika nchi ya Punjab, alipima kimo cha mlima, akaupanda, akatazama kwa ala yake ni kwa kiasi gani upeo wa macho umeinama chini ya mstari ulio sawa, na kutokana na mwinamo huo mdogo akatoa ukubwa wa dunia uliokaribiana sana na huu tunaoujua. Naye Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Dameski, na aliyefariki mwaka 1375, aliona jambo ambalo wengi walilifumbia macho: kwamba kwa hesabu ya Ptolemy mwezi ungalipaswa kuonekana, katika baadhi ya siku zake, mkubwa maradufu ya siku nyingine, jambo ambalo hata mtoto akitazama juu huona kuwa si kweli. Akatunga hesabu nyingine ya mwezi, na hesabu iyo hiyo ndiyo iliyoonekana tena katika kitabu cha Copernicus kilichochapishwa mwaka 1543.

Copernicus, kama ijulikanavyo, aliliweka jua katikati na ardhi akaifanya sayari miongoni mwa sayari. Lakini kwa habari ya masafa aliye mkubwa zaidi ni Johannes Kepler, Mjerumani mwenye macho yaliyodhoofishwa na ndui ya utotoni, aliyefika Prague mwaka 1600 kufanya kazi chini ya Tycho Brahe. Tycho, mtu wa Denmark, alikuwa amepima mahali pa sayari kwa zaidi ya miaka 20, bila ya darubini, kwa ala kubwa za chuma na shaba, na kwa usahihi usiopata kuonekana kabla yake. Alipofariki mwaka 1601 daftari zake zilibaki mikononi mwa Kepler, naye akajifungia na Mirihi peke yake kwa miaka. Aliilazimisha ipite katika duara, akapiga hesabu na kuirudia, hata akafikia mahali ambapo hesabu yake ilihitilafiana na vipimo vya marehemu kwa dakika nane tu za pembe, yaani robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angaliridhika, akasema kwamba Tycho alikosea kidogo. Kepler alimwamini Tycho kuliko alivyoiamini hesabu yake mwenyewe. Akaibomoa kazi yote, na mwaka 1609 akatangaza kwamba sayari haiendi katika duara bali katika duaradufu, jua likiwa katika moja ya vitovu vyake viwili, na kwamba sayari hukimbia inapokuwa karibu na jua na hupunguza mwendo inapokuwa mbali nalo. Kwangu mimi hakuna tendo la uaminifu katika historia ya elimu linalopita hilo.

Miaka tisa baadaye akapata kanuni ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi hapa. Wazo lake lilimjia mwezi Machi 1618, akakosea hesabu, akalitupa. Tarehe 15 Mei akalirudia, na safari hii likasimama. Husema hivi: chukua muda ambao sayari huzunguka jua, kwa miaka yetu, uuzidishe kwa nafsi yake, kisha chukua masafa yake kutoka kwenye jua, kwa kuyahesabu masafa ya ardhi kuwa moja, uyazidishe kwa nafsi yake na kwa nafsi yake tena, majibu mawili hayo yatalingana. Mshtarii huzunguka jua kwa miaka 11.86, na miaka hiyo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 140.7, masafa yake ni 5.2, na 5.2 ikizidishwa hivyo mara tatu hutoa 140.6. Kwa kanuni hiyo mtu anayejua miaka ya sayari anajua masafa yake: Zuhura 0.72, Mirihi 1.52, Zohali 9.5. Basi tokea siku hiyo ramani ya jua na sayari zake ilikuwa kamili, kila kitu kimekaa mahali pake kwa uwiano ulio barabara, ila haikuwa na skeli. Hakuna aliyejua ile moja ni kilomita ngapi. Angalipatikana mtu wa kupima masafa ya sayari moja tu, wakati mmoja tu, mengine yote yangalifuata kwa siku moja ya hesabu.

Uzito wa jambo hilo ulizidi mwaka 1687, Isaac Newton alipoonyesha kwamba kanuni za Kepler zatokana na sababu moja, nayo ni uvutano, ambao hupungua kwa mraba wa masafa, yaani ukiwa mbali maradufu hubaki robo, na ukiwa mbali mara tatu hubaki sehemu ya tisa. Kwa kanuni ya Newton, mwenye kujua masafa ya jua aweza kujua ni kwa kiasi gani jua lazidi ardhi kwa uzito, kama kwamba ameviweka vitu viwili hivyo katika mizani. Na jawabu, kama lilivyo leo, ni karibu mara 333,000. Masafa ya jua hayakuwa tena jambo la kujua njia tu. Yalikuwa ufunguo wa kuijua nafsi ya jua.

Sasa, kitu kisichofikika hupimwaje? Msomaji na anyooshe kidole mbele ya uso wake, akitazame kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto: ataona kidole kimeruka kutoka penye ukuta mahali hapa hadi pale, na kadiri akisogezavyo mbali ndivyo mruko unavyopungua. Weka badala ya macho mawili watu wawili walio katika pande mbili za dunia, na badala ya kidole weka sayari, na njia imepatikana. Taabu ni kwamba kwa jua, pembe inayotafutwa, ile ambayo nusu kipenyo cha ardhi ingalionekana nayo kutoka kwenye jua, haifiki sekunde tisa, hali uzi mmoja una sekunde 3,600. Tena jua hung'aa hata likafuta nyota zote ambazo mtu angalizitumia kuwa ukuta wa nyuma.

Mwaka 1672 Wafaransa walijaribu kwa Mirihi, iliyokuwa imekaribia ardhi. Jean Richer alitumwa Cayenne, katika Amerika ya Kusini, na Cassini akabaki Paris. Walitoa sekunde tisa na nusu, ambayo ni masafa ya karibu kilomita milioni 140. Lakini kosa lililowezekana katika ala zao lilikuwa karibu sawa na kitu chenyewe walichokitafuta, na hapana shaka bahati iliwasaidia. Ilihitajika njia nyingine, nayo ilikuwa imekwisha kuonekana na kijana mmoja katika kijiji cha Uingereza, ingawa hakuna aliyemsikia.

Kepler, kabla ya kufariki mwaka 1630, alikuwa ametangaza kwamba Zuhura, ambayo ipo baina yetu na jua, ingepita usoni pa jua mwaka 1631. Kwa kawaida sayari hiyo inapotupita huwa juu au chini ya jua, kwa sababu njia yake imeinama kwa nyuzi zaidi ya tatu kuliko yetu. Ni mara chache sana mistari ikutane, na ikikutana huja mara mbili kwa kuachana miaka minane, kisha huadimika kwa zaidi ya miaka 100. Mpito wa 1631 ulitokea wakati wa usiku katika Ulaya, na haijulikani kuwa yupo aliyeuona. Jeremiah Horrocks, kijana wa miaka 20 na kidogo aliyeishi Much Hoole, katika jimbo la Lancashire, alizisahihisha jedwali za Kepler kwa mkono wake mwenyewe akagundua kwamba Zuhura ingerudi mwaka 1639, mwezi mmoja tu mbele yake. Akamwandikia rafiki yake William Crabtree karibu na Manchester. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mbingu zina mawingu, na Horrocks aliitwa kwenye shughuli ambazo hakuona vema kuziacha. Alipopata nafasi, saa tisa na robo alasiri, mawingu yalifunguka, na katika sura ya jua iliyotupwa na darubini yake juu ya karatasi akaona doa jeusi la mviringo limekwisha kuingia. Alikuwa na nusu saa tu hadi magharibi. Akapima mara tatu. Crabtree naye aliiona kwa dakika chache, akashikwa na furaha hata akasahau kupima sawasawa. Horrocks alifariki mwanzoni mwa mwaka 1641, akiwa na umri wa miaka 22, na kitabu chake hakikuchapwa ila mwaka 1662, huko Danzig, na Hevelius.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa azma ya mataifa alikuwa Edmond Halley. Mwaka 1677, akiwa kijana katika kisiwa cha St Helena, aliitazama Utaridi ikipita usoni pa jua, akatambua kwamba dakika ambayo doa jeusi hugusa ukingo wa jua yaweza kusomwa katika saa kwa usahihi wa sekunde chache. Hapo ndipo palipokuwa na siri: badala ya kupima pembe ndogo mno kwa jicho, pima muda kwa saa. Kwa mtu aliye kaskazini ya dunia, Zuhura hukata uso wa jua kwa mstari mmoja. Kwa aliye kusini hukata kwa mstari mwingine, mrefu au mfupi zaidi. Tofauti ya mistari ni tofauti ya dakika, na dakika zile hutoa pembe. Mwaka 1716 Halley alichapisha wito kwa wanafalaki, akiwaambia kwamba mpito utakuja mwaka 1761, na kwamba wakitawanyika pande zote za dunia wataweza kuyajua masafa ya jua kwa kosa lisilozidi sehemu moja katika 500. Alikuwa na miaka 60 wakati alipoandika, na alijua fika kwamba yeye hataiona siku hiyo. Akawausia vijana, akawaombea mbingu safi. Alifariki mwaka 1742.

Siku ilipokaribia, Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika Vita vya Miaka Saba. Hata hivyo vyama vya elimu vya London na Paris, pamoja na vya nchi nyingine, vilipeleka watu. Na wote walioshiriki walizidi 100. Abe Chappe d'Auteroche alisafiri hadi Tobolsk, Siberia, akiivuka mito ya barafu karibu sana na kuyeyuka kwake, na wenyeji walipoona mafuriko ya masika wakamdhania yeye, mwenye kuelekeza vyombo vyake kwenye jua, kuwa ndiye aliyeyaleta, ikabidi apewe walinzi. Charles Mason na Jeremiah Dixon waliabiri manowari kuelekea Sumatra. Kabla hawajaenda mbali wakashambuliwa na manowari ya Wafaransa, watu 11 wakauawa. Walipoandika kwamba hawataki kuendelea, wakuu wao wa London waliwajibu kwa vitisho vya mahakama. Walikwenda, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita, wakashukia Rasi ya Tumaini Jema. Na huko, kwa kuwa wengine wote waliokuwa kusini walifunikwa na mawingu kwa kiasi kikubwa au kidogo, kipimo chao kikawa miongoni mwa vilivyo bora. Pingré, Mfaransa, alikuwa katika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Morisi. Alipata mvua, akapata nafasi baina ya mawingu, na baadaye Waingereza wakakivamia kisiwa kile.

Lakini katika wote hakuna ambaye habari zake zapaswa kusomwa taratibu kama Guillaume Le Gentil. Aliondoka Brest mwezi Machi 1760, akitumwa Pondicherry, mji wa Wafaransa katika pwani ya Bara Hindi, akafika Isle de France, ambayo ndiyo Morisi ya leo, mwezi Julai. Huko alikwama kwa miezi hadi alipopata manowari iliyoondoka Machi 1761. Nahodha yeyote wa Lamu au Unguja angalimwambia kwamba mwezi Machi kaskazi bado haijaaga na kusi haijasimama, na chombo kinachotaka kwenda Bara Hindi kutoka kusini wakati huo kitapigwa usoni. Ndivyo ilivyokuwa: merikebu ilitangatanga wiki tano katika bahari za Afrika, mbele ya pwani ya Wasomali, na kuzunguka Sokotra, kabla haijapata upepo. Tarehe 24 Mei walifika mbele ya Mahé, katika Malabar, wakaambiwa kwamba mji huo umetekwa na Waingereza, na Pondicherry nayo imetekwa. Nahodha akageuza tanga. Tarehe 6 Juni, siku aliyoisafiria dunia nzima, Le Gentil alikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, mbingu safi zisizo na doa, Zuhura akiiona waziwazi usoni pa jua, juu ya sitaha iliyoyumba kiasi kwamba saa haikuwa na faida na mahali pake duniani hapakujulikana kwa usahihi. Akaandika alichokiona. Hakikufaa kitu.

Mpito mwingine ulikuwa baada ya miaka minane, na Le Gentil aliamua kuungoja. Alikaa akichora ramani za pwani ya Bukini, akachunguza pepo na maji ya bahari hii, kisha mwaka 1766 akafika Manila, alikoona kuwa mahali pema pa kutazamia. Liwali wa Kihispania akamshuku kuwa jasusi. Nao wakuu wa Paris wakamtaka aende Pondicherry, kwa kuwa mji ulikuwa umerudishwa kwa Wafaransa. Akatii. Alifika Machi 1768, akajengewa nyumba ya kutazamia nyota juu ya magofu ya ngome, Waingereza wa Madras wakamwazima darubini nzuri, na katika mwaka wa kungoja akajifunza kwa Watamil njia zao za kuhesabu kupatwa kwa mwezi, akazistahi, akaziandika. Mwezi Mei wote wa 1769 asubuhi zilikuwa angavu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni aliamka saa nane, akasikia upepo umegeuka, akatazama, akaona mbingu zimefunikwa. Jua lilichomoza nyuma ya wingu; Zuhura ikapita nyuma ya wingu; na muda mfupi baada ya mpito kwisha jua likajitokeza, likang'aa mchana kutwa. Manila, alikoamriwa kutoka, mbingu zilikuwa safi. Kwa zaidi ya wiki mbili alikaa katika huzuni iliyomfanya ashindwe kuishika kalamu. Akaugua kuhara damu, akapigwa na tufani katika safari ya kurudi, na alipoingia Ufaransa, akivuka milima ya Pyrenees mwezi Oktoba 1771, baada ya miaka zaidi ya 11, alikuta warithi wake wanagawana mali na kiti chake katika chama cha elimu kimepewa mwingine. Kiti kilirudishwa kwa amri ya mfalme. Alioa, akapata binti, akaandika safari zake katika vitabu viwili, akaishi hadi 1792. Na vitabu hivyo, kwa habari ya Bahari ya Hindi, ni hazina ambayo msomaji wa pwani yetu hana budi kuitamani kwa lugha yake.

Mwaka huo wa 1769 wengine walijaliwa. James Cook na Charles Green walitazama Tahiti chini ya jua kali lisilo na wingu. Chappe, yule wa Siberia, alifika San José del Cabo, katika Baja California, akakuta maradhi yanaua watu, akakataa kuondoka, akapima vizuri sana, na tarehe 1 Agosti akafa yeye na wengi wa wenzake, daftari zikaokolewa. Lakini palitokea jambo ambalo Halley hakulijua: Zuhura inapokaribia kuachana na ukingo wa jua, doa lake huvutika kama tone la wino lisilotaka kukatika, na watu wawili waliosimama bega kwa bega, kama Cook na Green, husoma saa tofauti kwa sekunde nyingi. Ndiyo maana mpito wa 1761 ulitoa majibu ya kuanzia sekunde 8.3 hadi zaidi ya 10, ambayo kwa masafa ni hitilafu ya zaidi ya kilomita milioni 30. Wa 1769 uliyasogeza majibu. Thomas Hornsby wa Oxford, kwa kukusanya vipimo vya pande zote, alitangaza mwaka 1771 sekunde 8.78, ambayo ni maili za Kiingereza 93,726,900.

Karne iliyofuata sina haja ya kukaa nayo sana. Mwaka 1874 mataifa yalitoka tena, na kamera mikononi. Morisi ilipokea Waingereza na Wajerumani, akiwamo kijana David Gill, aliyetambua kwamba doa la Zuhura halitasahihishwa kwa kamera wala kwa fedha, akaigeukia sayari ndogo ya Juno, na mwaka 1877 Mirihi, kutoka kisiwa cha Ascension, akapata sekunde 8.78. Mpito wa 1882 ulipita, na njia ya Halley ikawekwa kando. Kisha mwaka 1961, Zuhura ilipokaribia, wahandisi wa Marekani, wa Uingereza na wa Urusi waliipelekea mawimbi ya rada, wakasubiri mwangwi wake kwa muda usiofika dakika tano, wakazidisha kwa mwendo wa nuru. Sayari iyo hiyo, kanuni iyo hiyo ya Kepler, na saa badala ya pembe, kama Halley alivyotaka. Kosa likashuka kutoka maelfu ya kilomita hadi mamia. Mwezi Agosti 2012, katika mkutano wao wa Beijing, wanafalaki wa dunia waliuweka mwisho wa jambo: kipimo cha masafa ya ardhi na jua kihesabiwe kuwa mita 149,597,870,700, wala kisipimwe tena.

Ukiiweka tarakimu ya Hornsby karibu na hiyo, utaona kwamba ilikosea kwa chini ya sehemu moja katika mia. Haikufika ahadi ya Halley ya sehemu moja katika 500. Lakini kwa watu waliosafiri kwa tanga, wenye saa zilizoathiriwa na joto na ramani zisizojua visiwa viko wapi, hukumu yangu ni kwamba kazi ya 1769 ni kazi kubwa kuliko ya rada, na Le Gentil, ambaye hakuchangia hata sekunde moja katika hesabu ile, ni mmoja wa walioifanya. Zuhura ilipita tena tarehe 8 Juni 2004, ikaonekana Afrika ya Mashariki tangu mwanzo hadi mwisho, na mwezi Juni 2012. Itapita tena tarehe 11 Desemba 2117.